Bass wa Naivasha na mnyoo wa raba: Vile msee wa kawaida anaweza kuvua bila kuwa mdosi

Uliza mbogi yoyote ya Nairobi ilienda Naivasha kufanya nini, majibu ni yale yale. Nyama choma, picha na twiga pale Crescent Island, baiskeli Hell's Gate, ama Safari Rally ikifika. Wachache sana watakuambia walienda kuvua samaki. Wengi wetu tunajua uvuvi ni kazi ya wasee wa nyavu, ama ni mchezo wa wazee wa klabu wenye kofia kubwa na boti zao.

Sasa cheki hii. Ndani ya ziwa hilo hilo kuna samaki anaitwa bass, na huko Marekani na Japani kuna watu wanalipwa kumvua kwenye mashindano. Wewe kumvua hauhitaji kuwa na boti. Unahitaji fimbo moja, uzi, ndoano na kipande cha plastiki laini chenye umbo la mnyoo. Pia unahitaji subira, na hiyo ndio haiuzwi dukani.

Hapa tunakupea rada yote: bass ni nani, alifikaje Naivasha, mnyoo wa raba unafungwa vipi, unautupa wapi, na vile utarudi keja ukiwa mzima. Juu Naivasha pia kuna viboko, na kiboko hajali una followers wangapi.

Bass ni nani?

Si ile bass ya woofer ya mathree, na si base ya mtaani pale mnakaa jioni mkibonga. Huyu ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, na kwao ni Amerika Kaskazini. Mgongo wake ni kijani iliyokolea, tumbo ni jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliokatika katika kutoka kichwa hadi mkia. Kitu kitakachokuonyesha ni yeye ni mdomo. Akiufunga, taya lake linafika nyuma ya jicho. Akiufungua, unaweza kuingiza ngumi. Ndio maana jina lake kamili la Kizungu linamtaja kwa mdomo wake mkubwa.

Rekodi ya dunia ya huyu samaki ina stori yake. Mwaka wa 1932, jamaa wa Georgia, Marekani, kwa jina George Perry, alivua bass wa karibu kilo 10. Rekodi hiyo ilikaa miaka 77 bila mtu kuifikia. Mwaka wa 2009 Mjapani anaitwa Manabu Kurita akavua mwingine wa uzito karibu sawa kabisa kwenye Ziwa Biwa, na mpaka leo majina yao wawili yanakaa pamoja kwenye kitabu. Wa Naivasha usimpimie hapo. Wa kilo moja tu tayari atakukunja fimbo mpaka uite mabeshte waje kucheki.

Kitu cha kushika kuhusu bass ni hiki: hapendi kukimbizana na chakula. Yeye ni wa kuvizia. Anajificha kando ya mafunjo, chini ya gogo ama kwenye kivuli, anatulia, halafu kitu kikipita karibu anafungua lile domo ghafla na kukifyonza pamoja na maji. Kila kitu utakachofanya na mnyoo wako kinatokana na hiyo tabia. Kazi yako ni kumpelekea dishi mlangoni, polepole, kama kitu ambacho hakijui kuna hatari.

Alifikaje Naivasha?

Hapa ndio kuna historia ambayo hatufunzwi. Ziwa Naivasha zamani halikuwa na samaki wengi wa aina tofauti. Aina ya asili ilikuwa moja tu, kasamaki kadogo ka kutoshea kwenye kidole. Wakoloni walipokaa huko waliona ziwa zuri namna hiyo haliwezi kukosa samaki wa kuvua. Mwaka wa 1925 wakaleta tilapia. Mwaka wa 1929 wakaleta bass kutoka Marekani, lengo likiwa burudani ya kuvua kwa fimbo.

Kwa hivyo huu mchezo ulianza ukiwa wa masettler. Mwafrika alikuwa wa kubeba vifaa na kupiga makasia. Leo mtoto wa Karagita ama msee wa Umoja anaweza kusimama kwenye ufuo wa umma na fimbo yake mwenyewe. Hiyo pekee ni sababu tosha ya kujaribu.

Lakini kuna upande mwingine. Kale kasamaki ka asili hakajaonekana ziwani tangu 1962, na bass ni mmoja wa wale wanaolaumiwa, juu yeye hula chochote kinachotoshea mdomoni. Mwaka wa 1970 wakaletwa krefishi, wale kamba wekundu wenye makucha, ambao pia kwao ni kusini mwa Marekani. Bass aliwatambua mara moja. Ni kama ameletewa chakula cha ocha. Halafu kuanzia 2001 samaki anaitwa carp akaanza kuonekana kwenye nyavu, na ndani ya miaka kumi akawa ndiye anajaza sehemu kubwa sana ya kile wavuvi wanatoa.

Carp hula akichimba matope chini. Maji yanachafuka. Bass naye hutumia macho sana kuwinda, kwa hivyo maji machafu hayamfai. Kwa ufupi, bass wa leo Naivasha si wengi kama zamani, na si rahisi kama zamani. Usiende ukidhani watajipanga foleni. Ndio maana pia kila bass mdogo unayemrudisha majini ana maana, na hapo tutafika.

Mnyoo wa raba ulitoka wapi?

Ulitoka jikoni. Mwaka wa 1949, huko Akron, jimbo la Ohio, fundi wa mashine anaitwa Nick Creme pamoja na mkewe Cosma walikuwa wanapika plastiki, mafuta na rangi kwenye jiko lao la nyumbani. Walichukua mnyoo halisi, wakatengeneza umbo lake, wakamimina ile plastiki ndani. Ikatoka kitu laini, kinachocheza ndani ya maji kama mnyoo mwenyewe. Mpaka leo minyoo yote ya raba unayoona dukani ni wajukuu wa ule wa jikoni kwa Creme.

Kwa nini bass anadanganyika? Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni mwendo. Mnyoo wa raba hauhitaji kuvutwa mbio ndio ucheze. Ukishuka tu ndani ya maji, mkia unatetemeka wenyewe. Samaki anahisi huo mtetemo kupitia mstari maalum ulio ubavuni mwake, hata kabla hajauona.

Ya pili ni ulaini. Bass akifyonza kijiko cha chuma anajua sekunde hiyo hiyo kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na anakitema. Mnyoo laini unafanana na nyama, kwa hivyo anaushikilia kidogo zaidi. Hiyo sekunde moja ama mbili ndio nafasi yako. Minyoo mingine hata huwekwa chumvi ndani ndio ladha imchelewesha.

Ya tatu ni kwamba unaweza kuficha ncha ya ndoano ndani ya mnyoo. Hii ni muhimu sana Naivasha, juu bass anakaa kwenye mafunjo, magugu na miti iliyozama. Chambo chenye ndoano iliyo wazi kitanasa kila mahali na utarudi nyumbani na fimbo tupu.

Vitu vya kubeba

Usikubali mtu akuuzie duka zima. Orodha ni fupi.

Fimbo ya urefu wa futi sita hadi saba na rili yake, ile ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo. Uzi wa nailoni wa nguvu ya ratili 10 hadi 12. Ndoano za saizi 3/0, zile zenye kona kidogo karibu na tundu la kufungia. Vizito vidogo vyenye umbo la risasi na tundu katikati, gramu tatu na nusu hadi gramu saba. Pakiti moja ya minyoo ya inchi sita ama saba. Koleo ndogo ya kutoa ndoano. Maji ya kunywa, kofia, na mfuko wa takataka.

Rangi za minyoo zisikuchanganye. Maji yakiwa na matope, chukua nyeusi ama zambarau iliyokolea, juu inaonekana kama kivuli kilichoshiba. Maji yakiwa safi, chukua kahawia ama kijani. Kahawia yenye wekundu inafanana na krefishi, na huyo bass wa Naivasha anamjua vizuri. Pakiti ya giza na pakiti ya kahawia zinakutosha.

Huna doh ya fimbo? Chukua chupa imara ya soda, funga uzi shingoni mwa chupa kwa nguvu, halafu uzungushe mita 30 hivi kwenye tumbo la chupa. Shika chupa kwa mkono mmoja mdomo ukiangalia ziwa, mkono mwingine uzungushe mnyoo na kizito, uachilie. Uzi unatoka wenyewe juu ya shingo. Haiendi mbali kama fimbo, lakini bass mara nyingi hakai mbali. Anakaa kando.

Vile unafunga

Mtindo wa kwanza unaitwa Texas, na ukijua huu pekee uko sawa.

Anza kwa kupitisha uzi ndani ya kizito, upande mwembamba ukiangalia fimbo. Kisha funga ndoano. Fundo rahisi na imara ni hili: kunja uzi uwe mara mbili, pitisha ule mkunjo kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida kwa huo uzi wa mara mbili, halafu ingiza ndoano nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa mate, vuta polepole mpaka likaze. Kata mkia.

Sasa mnyoo. Dunga ncha ya ndoano katikati ya kichwa cha mnyoo, iingie kama sentimita moja, uitoe ubavuni. Vuta mnyoo upande kwenye ndoano mpaka kichwa kikae kwenye ile kona. Zungusha ndoano ncha iangalie mwili wa mnyoo. Pima pale mkunjo wa ndoano unafika, halafu dunga ncha hapo, iingie ndani bila kutokea upande wa pili. Mnyoo unafaa kukaa umenyooka kama rula. Ukiwa umejikunja, utazunguka majini kama feni, uzi utajisokota na bass atakucheka. Toa, dunga tena.

Mtindo wa pili ni wa kivivu na unashika sana maji yakiwa yametulia. Chukua mnyoo mnene ulionyooka, udunge katikati kabisa kama mshikaki, pande zote mbili zining'inie. Usiweke kizito. Ukiutupa, unazama polepole ncha zote mbili zikitetemeka. Ubaya ni kwamba ndoano iko wazi, kwa hivyo tumia mahali hakuna magugu mengi.

Bass anakaa wapi?

Angalia mahali ambapo vitu viwili vinakutana. Pale mafunjo yanaishia na maji wazi yanaanza. Pale kivuli cha jeti ya kuegesha boti kinapokata mwanga. Kando ya gogo. Kwenye nafasi kati ya visiwa vya magugu maji. Hayo ndio maskani yake.

Kitu kingine: maji ya Naivasha yamepanda sana miaka hii. Mwaka wa 2020 yalimeza sehemu kubwa za ufuo, na 2025 yakaingia mpaka mtaa wa Kihoto na kufukuza watu manyumbani. Hiyo ni hasara kubwa kwa wenyeji na hakuna cha kufurahia hapo. Lakini ndio sababu leo utaona miti imekauka imesimama ndani ya maji. Chini ya miti hiyo kuna matawi, kivuli na samaki wadogo, na pale kuna samaki wadogo bass hakosi kupita. Usiingie majini kuifuata kwa miguu. Tupa mnyoo kutoka nchi kavu ama ndani ya boti.

Tupa, acha, ngoja

Hapa ndio wengi hufeli, na hapa ndio mchezo wenyewe uko.

Tupa mnyoo upite kidogo ile sehemu unayolenga, usiuangushe kichwani mwa samaki. Ukigusa maji, usianze kuzungusha rili. Acha uzame. Bass wengi huuma wakati mnyoo unashuka, wakati wewe unadhani hakuna kitu kinaendelea. Macho yako yawe kwenye uzi pale unapoingia majini.

Ukifika chini, uzi utalegea. Sasa hesabu mpaka kumi. Ndio, kumi, si tatu za haraka. Kisha inua ncha ya fimbo pole kutoka usawa wa kifua hadi usawa wa macho. Mnyoo utanyanyuka kutoka kwenye tope na kusonga kidogo. Shusha fimbo, zungusha rili kuondoa uzi uliolegea, acha mnyoo uzame tena. Hesabu. Rudia mpaka ufike miguuni pako.

Sisi tumezoea kuscroll. Sekunde tatu bila kitu, tunapita. Ukifanya hivyo na mnyoo wa raba utavuta mchana wote bila kuguswa, halafu useme Naivasha haina samaki. Mnyoo halisi haukimbii. Ukiuvuta mbio, bass anaona kitu ambacho hakijawahi kutokea maishani mwake, na anakaa mbali nacho.

Ukihisi unaenda polepole, punguza tena.

Akiuma

Usitarajie mvuto wa filamu. Mara nyingi ni vigongo viwili vidogo, tap-tap, kama mtu anabisha mlango na hataki kuamsha watoto. Wakati mwingine hauhisi chochote, unaona tu uzi unasonga kando bila upepo. Wakati mwingine mnyoo ambao ulikuwa unazama unasimama kabla ya kufika chini.

Hapo usipanic. Shusha ncha ya fimbo kuelekea samaki, zungusha rili haraka mpaka uzi ukaze, halafu inua fimbo kwa nguvu mara moja. Nguvu inahitajika juu ndoano lazima ipenye mnyoo kwanza ndio ifike kwa mdomo. Kama unatumia ule mtindo wa kudunga katikati, nguvu haihitajiki, kaza uzi tu na uinue.

Akishanaswa ataruka nje ya maji na kutikisa kichwa ndio ateme ndoano. Weka fimbo chini upande mmoja na usiache uzi ulegee. Usimvute kama unatoa ndoo kisimani. Mchoshe.

Akifika, lowesha mikono, mshike kwa kidole gumba ndani ya mdomo wa chini. Meno yake ni madogo kama msasa, hayakati. Kama ni mkubwa, mkono wa pili ushike tumbo, usimning'inize kwa taya kwa ajili ya picha. Taya likiumia hawezi kula tena.

Ngori ziko wapi?

Ya kwanza ni kiboko. Bass huuma vizuri zaidi asubuhi mapema na jioni jua likishuka. Kiboko naye hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na anarudi kabla jua halijatoka. Umeona shida iko wapi? Saa tamu za uvuvi ndizo saa zake za kutembea, na njia anayopita ni hapo hapo ufuoni unataka kusimama. Anaweza kupita tani moja na nusu na nchi kavu anakimbia karibu kilomita 30 kwa saa. Wewe hauna hiyo mbio, hata na raba mpya.

Kwa hivyo panga hivi. Fika jua likiwa limeshachomoza na watu wa ufuo wako macho. Vua mpaka kabla ya adhuhuri. Ukitaka raundi ya jioni, ondoka saa kumi na moja haijafika. Usisimame kwenye vinjia vilivyokatwa katikati ya mafunjo, hizo ni barabara zake. Usiwahi kukaa kati yake na maji, juu akishtuka anakimbilia majini na wewe uko njiani. Na uliza wenyeji leo viboko wako wapi. Wanajua kuliko Google. Kila mwaka kuna watu wanaumizwa na wengine kufa kwenye hilo ziwa, na wengi wao ni wavuvi.

Ya pili ni upepo. Jina Naivasha linatokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, ambalo linaongea kuhusu maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa ni kioo. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanapanda haraka. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuelea muda wote, hata kama luku itaharibika. Boti ikikosa jaketi, usipande. Mwambie mwenye boti upepo ukianza tu, mnarudi.

Ya tatu ni sheria. Kuvua kwa fimbo kwa kujifurahisha pia kunahitaji leseni. Uliza ofisi ya uvuvi ya Naivasha kabla ya safari, na uulize pia kama ziwa limefungwa, juu kuna vipindi uvuvi husimamishwa ndio samaki wazaane. Ukifika kwenye ufuo, jitambulishe kwa kamati ya ufuo, wale wanaitwa BMU. Sehemu kubwa ya ziwa imezungushiwa fensi za mashamba ya maua, mahoteli na kambi. Kwa umma, pa kuanzia ni fuo kama Kamere na Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake. Kambi na hoteli zingine zitakuruhusu kuvua kwenye jeti yao ukilipa kiingilio ama ukiagiza dishi. Omba ruhusa kwanza. Kuruka fensi ya mtu na fimbo mkononi haitaisha vizuri.

Umbebe ama umrudishe?

Swali linakuja hapa: kama bass ni mgeni na amelaumiwa kumaliza samaki wa asili, si tummalize tu? Haiko rahisi hivyo. Amekaa hapo karibu miaka mia moja, na kuna familia zinazolipa karo kwa kumuuza. Wewe mgeni wa weekendi si mtu wa kuwamalizia hisa.

Fanya hivi. Bass mdogo kuliko rula ya shule, yaani sentimita 30, mrudishe polepole majini. Afisa akikupa kipimo kingine, fuata chake. Ukipata dume linalozunguka mahali pamoja karibu na ufuo na halitaki kuondoka, liache. Bass dume ndiye hulinda mayai na watoto, na ukimtoa hata dakika chache tu samaki wengine wanaingia kumanga kizazi chote. Beba mmoja ama wawili wa kula, wengine warudi. Nyama yake ni nyeupe na haina miiba midogo mingi, wet fry na ugali inaingia bila maneno.

Usiwahi kubeba bass akiwa hai umpeleke kwenye bwawa la kwenu ocha. Ni hatia, na umeona kilichotokea Naivasha kila mara mtu alipoamua ziwa linahitaji samaki mpya.

Na minyoo ya raba iliyokatika, rudi nayo. Haiozi. Samaki akiimeza inaweza kufura tumboni mwake na kumziba. Uzi pia, furukombe na ndege wengine hunaswa miguu na mabawa. Ule mfuko wa takataka kwenye orodha haukuwa wa mapambo.

Mara ya kwanza huenda usipate kitu. Hiyo ni kawaida hata kwa wale wanaolipwa. Chagua mahali pamoja, kaa hapo saa nzima, hesabu mpaka kumi kila mara, na uangalie uzi wako. Jua likianza kushuka, kunja fimbo na uhepe, hata kama uzi umeguswa sasa hivi. Bass atakuwa hapo Jumamosi ijayo.